Volti 23 zilizopotea kati ya sebule na kibanda

Mama mmoja wa Mbagala anauza chipsi mbele ya geti lake, ng'ambo ya uwanja wa mchanga. Alianza na jiko la mkaa. Mkaa ulipopanda bei akanunua kikaango cha umeme, na kibandiko kilichopo mgongoni mwake kinasema volti 230, wati 2,500. Umeme aliuvuta kutoka soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ya gurudumu, ile ndefu ya mita 50. Kutoka soketi hadi kibandani ni kama mita 30, kwa hiyo mita 20 zilizobaki zilikaa zimejiviringisha kwenye gurudumu lake, chini ya meza, kando ya ndoo ya viazi. Hilo gurudumu tutalirudia.

Aliponiita alikuwa na malalamiko matatu. Mafuta yanachelewa kupata moto. Chipsi zinakunywa mafuta, na wateja wameanza kusema. Tena LUKU, mita yake ya umeme wa kulipia kabla, inakimbia. Kabla yangu alishapita fundi mwingine, akachomeka maltimita kwenye soketi ya kibandani, ikasoma 231, akasema umeme uko sawa, kibovu ni kikaango. Mama hakukubali, maana kikaango kilikuwa hakijamaliza hata miezi miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, mwanangu, wewe niambie ukweli, mwenzio ameniacha njia panda."

Mwenzangu hakudanganya. Nilipima palepale alipopima, nikapata 231 ileile. Ila kikaango kilikuwa kimezimwa. Waya usiopitisha mkondo haupotezi volti hata moja, hata uwe mwembamba kama uzi wa cherehani. Volti zinazopotea ndani ya waya ni ampea zinazopita humo, yaani kiasi cha mkondo, mara ukinzani wa waya wenyewe, yaani jinsi unavyouzuia mkondo huo. Ampea zikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kupima volti bila mzigo ni sawa na kwenda kuangalia foleni ya Barabara ya Kilwa saa tisa za usiku, kisha ukarudi na habari kwamba njia nyeupe.

Basi tukawasha. Msaidizi wangu nilimwacha sebuleni na maltimita moja, mimi nikakaa kibandani na ya pili, tukawa tunapigiana kelele za namba kwa wakati mmoja, kwa kuwa umeme wa mtaani unapanda na kushuka na sikutaka kulinganisha volti za saa nne na volti za saa nne na dakika tano. Ampea nilizipima kwa klampu mita, kifaa kinachouzunguka waya na kusoma mkondo bila kuukata. Hapa wengi huteleza: ukiizungushia klampu ekstensheni nzima inasoma sifuri, kwani mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana humo ndani. Mimi natembea na kipande kifupi cha ekstensheni nilichokichana ganda la nje, nyaya zake zikakaa mbalimbali, nikavisha klampu kwenye mmoja tu.

Tulirudia mara tatu. Sebuleni volti 227, kibandani volti 204, ampea 9.6.

Namba tatu hizo zinatosha kumaliza kesi nzima. Kila kitu kingine ni kugawanya na kuzidisha.

Tuanze na mshitakiwa. Ukinzani ni volti zilizoko kwenye ncha mbili za kifaa, gawanya kwa ampea zinazopita humo. Kikaango kinapata volti 204 na kinavuta ampea 9.6, hivyo ukinzani wake ni omu 21.25. Je, ndivyo kilivyotengenezwa? Kibandiko hakitaji omu, lakini kinataja volti na wati, na hizo zinatosha: 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 2,500, unapata omu 21.16. Tofauti ni sehemu ndogo ya omu, ndani kabisa ya makosa ya vipimo vyangu. Koili, yaani waya wa ndani unaopasha mafuta, ni nzima. Kikaango hakina hatia.

Msaidizi wangu aliuliza swali zuri: kwa nini tusingechomoa tu plagi na kupima omu moja kwa moja kwa maltimita? Kwa kikaango tungeweza, kwa sababu koili yake ni ya nikromu, na nikromu ikipata moto ukinzani wake unabadilika kidogo sana. Lakini usiifanye desturi. Chukua balbu ya zamani ya wati 60: ikiwa inawaka kwa volti 230 ukinzani wake ni omu 880 hivi, ikiwa baridi maltimita itakusomea chini ya 80. Ukipiga hesabu ya nguvu kwa hiyo 80 utaamini balbu inakula zaidi ya wati 660. Na kwa waya wa ekstensheni ni afadhali usijaribu kabisa. Tunatafuta omu mbili na ushee, na nyaya za mita yenyewe peke yake zinaweza kula robo ya omu au zaidi. Mkondo mkubwa ukipita ndipo omu ndogo zinapojitokeza zenyewe.

Sasa nguvu inayofika kwenye mafuta. Nguvu ni volti mara ampea: 204 mara 9.6 ni wati 1,958. Mama alinunua wati 2,500, anapikia chini ya elfu mbili. Ona hapa: volti zilizopungua ukilinganisha na kibandiko ni asilimia 11 tu, lakini nguvu imepungua karibu asilimia 22. Si uchawi. Volti zikishuka kwenye koili ileile, ampea nazo zinashuka, na nguvu ni zao la hizo mbili, kwa hiyo inaumia mara mbili.

Nilimpigia mama hesabu ya mafuta, maana ndiyo lugha yake. Anaweka lita 5, ambazo ni kilo 4.6 hivi, na kila kilo inataka takriban kilojuli 2 ili ipande nyuzi moja. Kutoka nyuzi 28 hadi 175 ni karibu kilojuli 1,350. Kwa wati 2,500 ni dakika 9. Kwa wati 1,958 ni dakika 11 na nusu, na hapo sijahesabu joto linaloibwa na upepo. Lakini dakika hizo mbili na nusu si ndizo zilizokuwa zikimfukuzia wateja. Kisa kinaanza viazi vinapoingia. Kila gramu 100 za maji ya viazi zikigeuka mvuke zinameza kama kilojuli 250: kwa nguvu kamili ni sekunde 100, kwa nguvu pungufu ni 128, na viazi vya sinia moja vina maji mengi kuliko hayo. Mafuta yanapoa, hayawahi kurudi juu, na kiazi kinakaa kwenye mafuta ya vuguvugu kikilowa badala ya kukaangika. Lalamiko la kwanza na la pili kumbe ni moja.

Tuje kwa mwizi. Sebuleni zilitoka 227, kibandani zikafika 204. Volti 23 ziliishia njiani. Mkondo ni uleule wa ampea 9.6, kwa sababu kilichoingia waya mmoja kwenda ndicho kinachorudi kwa wa pili. Gawanya 23 kwa 9.6: omu 2.4. Zidisha 23 kwa 9.6: wati 221. Ekstensheni yenyewe ilikuwa kifaa cha umeme cha wati 221, kinawashwa kila kikaango kinapowashwa, na kazi yake ni kupasha moto mchanga wa uwanjani.

Omu 2.4 zilinishtua, kwa kuwa kwenye ganda la waya kulichapwa 1.5, maana yake milimita za mraba 1.5 za shaba. Shaba ya unene huo, mita 50 kwenda na 50 kurudi, inatakiwa iwe na omu 1.15 hivi. Mimi nimepata mara mbili yake. Hapo hesabu ilifika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu ukinzani mkubwa unaweza kutokana na shaba nyembamba, na unaweza pia kutokana na aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ambayo siku hizi iko tele. Namba haitofautishi, kisu kinatofautisha. Nilikata ncha nikakwangua: nyekundu hadi ndani, ni shaba. Tukahesabu nyuzi. Waya wa 1.5 wa kunyumbuka kwa kawaida una nyuzi 30, kila moja ya robo milimita. Huu ulikuwa na 24, nyembamba zaidi, za kama milimita 0.2. Hiyo ni milimita za mraba 0.75. Aliyechapa 1.5 kwenye ganda alichapa mara mbili ya alichoweka ndani, na omu zilikuwa zimeshamsema kabla ya kisu.

Waya wa 0.75 unahesabiwa kubeba ampea 6. Ulikuwa ukibeba 9.6, kila jioni, kwa saa kadhaa.

Georg Ohm, ambaye jina lake ndilo tumelifanya omu, alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne alipoanza kupima mambo haya. Betri za enzi zake ziliyumba vibaya sana, ikambidi aache betri na kutumia joto kwenye kiungo cha shaba na bismuthi ili apate umeme uliotulia, ndipo uhusiano wa volti na ampea ukaonekana. Alichapisha mwaka 1827 na mapokezi hayakuwa mazuri. Nikipigiana kelele na msaidizi wangu kuvuka uwanja wa mchanga huwa namkumbuka. Tatizo la chanzo kinachoyumba halijaisha tangu wakati huo.

Sasa nakuja kwenye sehemu nisiyoipenda.

Nilimwambia mama: "Volti hazifiki kibandani, waya huu haufai, ubadilishe." Nikamwandikia hesabu zote nyuma ya risiti, vizuri, na bei ya waya mpya. Akashukuru, akanipa soda. Nikaondoka nikiamini nimefanya kazi.

Baada ya siku nne akapiga simu. Harufu ya plastiki, moshi chini ya meza. Nilimkuta kaketi kando ya kitu ambacho hakikuwepo siku ile: stabilaiza mpya, nzito, yenye taa za kijani. Jirani mwenye duka la vinywaji alimshauri, na kwa kweli iliuzwa nafuu kuliko gharama niliyoiandika mimi ya waya, mtaro na kazi.

"Si wewe mwanangu ulisema volti hazifiki? Hii inaleta volti. Na ilileta! Mafuta yalichemka siku mbili hizi hujapata kuona."

Alikuwa sahihi, neno kwa neno. Mimi nilitaja volti, yeye akaenda kununua volti. Ningesema "waya wako unapata moto, utaungua" asingefika dukani kwa jirani.

Tazama stabilaiza ilivyofanya. Ndani yake kuna transfoma inayopandisha volti zilizochoka ziwe 230. Kikaango kikapata 230 zake, kikavuta karibu ampea 10.9, kikatoa wati 2,500 kamili. Lakini transfoma haizalishi nguvu, inabadilisha tu: ikipandisha volti kwa upande wa kutoa, inavuta ampea zaidi kwa upande wa kuingiza. Ampea zaidi kwenye waya uleule zinamaanisha volti zaidi zinapotea, stabilaiza inalazimika kupandisha zaidi, inavuta ampea zaidi tena. Mbio hizo zinatulia mahali fulani. Nilipokwenda nazo kwenye karatasi zikatulia waya ukifikisha volti 195 kibandani. 230 gawanya kwa 195 ni 1.18, ampea 10.9 mara 1.18 ni 12.8. Hapo sijahesabu kile stabilaiza inachokula yenyewe.

Joto la waya ni ampea mara ampea mara omu, jambo alilolionyesha James Joule mwaka 1841. Kutoka 9.6 hadi 12.8 ni ongezeko la theluthi moja tu. Lakini 12.8 mara 12.8 mara 2.4 inatoa wati 393, kutoka 221. Karibu mara mbili. Na waya ukipata joto omu zake zinapanda, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo hata 393 ni makadirio ya upole.

Sasa lile gurudumu. Mita 20 kati ya 50 zilikuwa zimejiviringisha humo, ambazo ni mbili ya tano, kwa hiyo mbili ya tano ya joto lilizaliwa humo: wati 157. Mita zilizolala mchangani zilikuwa na hewa pande zote na zilisalimika. Zilizoko kwenye gurudumu zilikuwa zimefunikana safu juu ya safu, za ndani hazina pa kupumulia. Plastiki ya kawaida ya nyaya huhesabiwa kuvumilia nyuzi 70. Sitaki kukisia zilifika ngapi. Safu za ndani ziliyeyuka zikagandamana kama kashata, na bahati ya mama ni kwamba alinusa kabla shaba mbili hazijagusana.

Kwa nini hakuna kilichokata? Mama aliuliza, na ni swali la haki. Plagi ina fyuzi ya ampea 13, na ampea 12.8 kwake ni ruhusa. Sakiti breka ya soketi za nyumba ilikuwa ya 32, inalinda nyaya nene zilizoko ukutani, haijui habari za uzi wa 0.75 uliochomekwa nje. Vilinzi vyote viwili vilifanya walivyotengenezwa kufanya. Kila mmoja alikuwa akilinda waya mwingine.

Matengenezo hayana hadithi ndefu. Waya wa shaba wa milimita 4, mita 35 zilizonyooka, kutoka kwenye meni switchi na breka yake ya ampea 20, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, kwa sababu pale ni nje, kuna maji ya viazi na watu wanasimama pekupeku. Waya umepita ndani ya paipu, chini ya ardhi. Milimita 2.5 zingetosha kwa kikaango. Nilipanda hadi 4 kwa kuwa mama alishaanza kunitajia friji. Safari hii sikuondoka kabla ya kupima mzigo ukiwa umewashwa: sebuleni 226.5, kibandani 223, ampea 10.5. Waya umebaki na volti 3.5, yaani omu theluthi moja na wati 37. Kikaango kinapata wati 2,340. Hazitimii 2,500, kwa kuwa volti nyingine 4 na nusu zinapotea kabla hata ya kufika sebuleni, lakini sehemu hiyo si ya mama wala si yangu.

Lalamiko la tatu nimelibakiza makusudi, kwa sababu mafundi wengi wangelipachika kwenye waya ili kazi ionekane kubwa. Ekstensheni ya zamani ilipokuwa ikila wati 221, kwa saa 6 za kuwaka kwa siku, ilimeza uniti 1.3 (uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja). Kwa siku 26 za biashara ni uniti 34 na ushee, na kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti ni kama shilingi elfu 12 kwa mwezi. Ni hela, tena zililipwa bure. Lakini jumla iliyotoka sebuleni ilikuwa 227 mara 9.6, wati 2,179, yaani uniti 13 kwa siku hiyohiyo ya saa 6. Waya ulikuwa na sehemu moja ya kumi tu ya lawama. Tisa zilizobaki ni kikaango kinachofanya kazi yake, na LUKU itaendelea kukimbia. Nilimwambia hivyo waziwazi, akaguna, akasema basi chipsi kavu zitapanda mia mbili.

Siku mbili baada ya kumaliza akapiga tena simu, saa kumi na mbili jioni, wakati wateja ndiyo wanaanza kupanga mstari.

"Fundi, hiki kikaango sasa kimeharibika kweli. Taa inazimika yenyewe. Nasubiri, inawaka tena, halafu inazimika."

Nikamuuliza mafuta yakoje.

"Yana moto."

Ile ni taa ya kirekebisha joto. Inazimika mafuta yakifika nyuzi ulizochagua, inawaka yakipoa. Kwa wiki zote zile, ukitoa siku chache za stabilaiza, viazi vikishaingia, mafuta hayakuwahi kufika, hivyo ilikuwa inabaki imewaka jioni nzima. Hakuwa amezoea kuiona ikizimika katikati ya kazi.